Elden Ring: ukifika mbele ya Marika, uchague mwisho upi?

Gemu ya Elden Ring inakuuliza swali lake kubwa mwishoni kabisa. Umeshamwangusha bosi Radagon, umeshaliangusha na lile dude la nyota linalomfuata, Elden Beast, na uwanja umebaki kimya. Mbele yako kuna mwili wa Malkia Marika, umevunjika vipande. Ukisogea, yanatokea maandishi ya kuchagua. Ukibonyeza, basi. Gemu hujisevu yenyewe, na ulichokichagua ndicho kitakachokuwa.

Hapa Tanga, vibanda vya gemu vya Ngamiani vinaishi kwa mpira. Runinga tatu nne, wote wanacheza mechi, kelele mpaka barabarani. Ila siku hizi haikosi kona yenye kijana aliyevaa hedifoni, analipia kwa saa, anahangaika na mazimwi ya Elden Ring, na mara kwa mara huitwa jina langu: "Kaka, hebu njoo. Nibonyeze ipi hapa?" Namuuliza, "Mdogo wangu, maelezo ya hizo runi zako umeyasoma?" Runi hizo ni alama za nguvu ambazo unaziba nazo pete iliyovunjika. Mara nyingi hakuyasoma, na simlaumu. Gemu hii haina maandishi ya Kiswahili, wahusika wake wanaongea Kiingereza cha kale cha kasri, na nusu ya hadithi imefichwa kwenye maelezo ya vitu ulivyookota na kuvisahau mfukoni. Hidetaka Miyazaki na kampuni ya FromSoftware waliitengeneza hivyo makusudi. George R. R. Martin aliwaandikia historia ya kale ya dunia hiyo, wao wakaivunjavunja na kuitawanya. Tangu ilipotoka tarehe 25 Februari 2022, watu wamekuwa wakiokota vipande.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha miisho, tuelewane kwanza kilichovunjika ni nini. Bila hilo, miisho yote sita itaonekana ni rangi tofauti za picha moja.

Kilichovunjika

Elden Ring si pete ya kuvaa kidoleni. Ni sheria inayoendesha dunia ya Lands Between: nani azaliwe, nani afe, roho iende wapi. Ililetwa na nguvu iliyo nje ya dunia, Greater Will, isiyoonekana wala kusema. Ujumbe wake hupitia kwa Vidole Viwili, na vidole navyo hufasiriwa na bibi kizee kama Enia. Marika ndiye aliyeibeba sheria hiyo mwilini mwake. Alipokuwa mungu alifanya jambo zito: aliing'oa Runi ya Mauti ndani ya sheria na kumkabidhi mlinzi wake Maliketh ailinde. Tangu hapo, katika himaya yake hakuna kufa kwa kweli. Wafu wanarudishwa kwenye mizizi ya Erdtree, ule mti mkubwa wa dhahabu, na mzunguko unaendelea.

Halafu ukaja Usiku wa Visu Vyeusi. Ranni, binti wa Radagon na malkia Rennala, aliiba kipande cha mauti iliyofungiwa. Mauti hiyo moja ikagawanywa kwa watu wawili. Godwyn, mwana wa Marika, aliuawa roho, mwili ukabaki. Ranni aliuua mwili wake mwenyewe, roho ikabaki, ndiyo maana unamkuta ndani ya mwanasesere. Mwili wa Godwyn ukazikwa chini ya Erdtree, na kwa kuwa hauna roho wala haufi, unazidi kukua na kusambaa. Wale mifupa wanaoinuka tena ukishawapiga, chanzo chao ni huyo.

Baada ya hapo Marika akaivunja Elden Ring kwa nyundo. Wanawe wakagombania vipande, vita vikaiharibu nchi, naye akafungwa ndani ya mti. Sasa tazama kitu kimoja ambacho wengi hukipita. Ukishamaliza bosi wa mwisho, kumbukumbu yake unaweza kumpelekea Enia akakubadilishia kwa Nyundo ya Marika. Soma maelezo yake: ndiyo nyundo ambayo Marika aliivunjia pete, na ndiyo hiyohiyo ambayo Radagon alijaribu kuirekebishia. Ndiyo aliyokuwa akikupigia dakika chache zilizopita. Na Radagon ndiye Marika. Mwili mmoja, nyundo moja, nafsi mbili. Moja inavunja, nyingine inaunganisha. Mimi naiona gemu nzima imo ndani ya nyundo hiyo, kwa sababu mbele ya ule mwili uliovunjika unaulizwa uwe upande wa mkono upi.

Ndiyo maana napima kila mwisho kwa mambo matatu: unaifanya nini mauti, unawafanya nini miungu, na unamwachaje mtu wa kawaida aliyebaki hai.

Miisho minne inayofanana kwa sura

Minne kati ya sita ina picha karibu ileile. Unairekebisha pete, unakaa kwenye kiti cha enzi, unakuwa Elden Lord, na msimulizi anasema jinsi vizazi vitakavyoikumbuka zama yako. Kinachobadilika ni rangi, jina la zama, na runi uliyoitumia kuziba ufa. Hapa ndipo watu husema "mbona yote sawa tu?" Si sawa. Tofauti imeandikwa kwenye maelezo ya runi, na ukishayasoma, picha ileile inakuwa na uzito mwingine.

Wa kwanza ni ule wa kawaida, Age of Fracture, ambao hauhitaji misheni yoyote ya pembeni. Unarudisha pete bila kuongeza kitu. Mauti imeshaachiliwa ulipomuua Maliketh, lakini haijapewa nafasi yake kwenye sheria. Miungu wamebaki walivyo. Watu wanarithi magofu na mfalme mpya. Kama umechoka na unataka tu kuona mwisho, ni halali yako. Ila ujue umeacha kila tatizo lilipokuwa.

Wa pili ni wa Fia, yule dada wa Roundtable Hold, maskani yenu wapiganaji, anayeomba kukukumbatia. Wengi humkwepa kwa sababu baraka yake, ikikaa mfukoni, inapunguza damu yako kwa asilimia 5. Wanakosa mengi. Fia anawatetea wale wanaoishi ndani ya mauti, wale mifupa tunaowakanyaga bila kuwafikiria. Unatakiwa umpelekee alama ya laana iliyobaki kwenye mwili ulioungua wa Ranni, juu ya mnara wa jimbo la Liurnia, kisha uingie ndotoni mwake upigane na joka Fortissax. Kwenye runi anayokuachia, mauti inarudishwa ndani ya sheria kama sehemu halali ya maisha. Jina lake ni Age of the Duskborn, na kwa kipimo cha mauti hakuna mwisho unaoufikia huu. Ndio pekee unaoshughulikia jeraha la Godwyn moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba miungu hawaguswi: kiti ni kilekile, na ile nguvu ya nje ingali huko juu.

Wa tatu ni wa Goldmask, msomi wa ile sheria; nitamrudia, maana ndiye anayenisumbua zaidi.

Wa nne ni wa Dung Eater, na huu sitauzungushia maneno. Unamletea laana tano, na yeye anaugeuza ulimwengu ili kila atakayezaliwa azaliwe amelaaniwa, na watoto wake, na wajukuu zake. Hoja yake ni kwamba laana ikiwa ya wote haitakuwa laana tena. Kwa kipimo changu cha tatu, mtu wa kawaida, huu ndio mbaya kuliko hata ule wa kuchoma kila kitu, kwa sababu walioungua hawateseki kizazi baada ya kizazi. Sijawahi kumshauri mtu auchague, isipokuwa anayetaka kuona yote.

Goldmask na Ranni: ndio ulinganisho wenyewe

Wengi hulinganisha Ranni na ule mwisho wa moto, kwa sababu ndiyo miisho miwili yenye video zake tofauti. Mimi nasema mshindani wa kweli wa Ranni ni Goldmask. Wote wawili wameliona tatizo lilelile: dunia imeharibika kwa sababu sheria imekaa mikononi mwa miungu wenye hasira, wivu na majonzi. Wamelitibu kwa njia zinazopingana.

Goldmask hasemi neno lolote. Anasimama ameinua mikono kuelekea mti, anapiga hesabu za sheria kichwani, na mfuasi wake Corhyn anajaribu kumfasiri. Hesabu zinakwama. Ili umkwamue inabidi uende Leyndell, mji mkuu, kwenye sanamu kubwa ya Radagon, ambako sakafuni kuna ujumbe unaokuelekeza utumie Law of Regression. Dua hiyo inadai pointi 37 za akili, kiwango ambacho wapiganaji wengi hawana. Chukua kitu kiitwacho Larval Tear umpelekee Rennala akupangie upya pointi zako, au jazia kwa hirizi. Ukiisoma dua mbele ya sanamu, sura inabadilika mbele ya macho yako. Radagon anaondoka, Marika anasimama palepale. Ukimpelekea Goldmask habari hiyo, hesabu zake zinatembea tena. Alichokihitaji kilikuwa uthibitisho kwamba mungu mwenyewe amegawanyika.

Jibu lake ni kuikamilisha sheria na kuiondolea kasoro moja tu, ambayo ni kigeugeu cha miungu wasiowazidi wanadamu kwa lolote. Sheria inabaki, utashi wa mungu unaondoka. Ukimfikiria Marika, aliyeivunja dunia kwa mapenzi yake, unamwelewa Goldmask kabisa. Lakini jiulize: Corhyn, aliyemfuata njia yote na kuandika kila ishara ya kidole chake, mwishoni anamwona mwendawazimu na kumpa kisogo. Goldmask hata hageuki. Sheria kamilifu haina nafasi ya kugeuka kumtazama mtu anayelia. Miungu wamedhibitiwa, kweli, lakini yule mtu wa kawaida sasa yuko chini ya kitu kisichoweza kukosea na kisichoweza kumhurumia.

Ranni amepita upande wa pili. Yeye alikuwa mmoja wa watatu walioteuliwa kuweza kurithi nafasi ya Marika, pamoja na Malenia na Miquella. Akakataa kuwa kibaraka wa Vidole Viwili, na gharama ya kukataa ikawa mwili wake na uhai wa Godwyn. Misheni yake ndiyo ndefu na tamu kuliko zote: unamshinda jemadari Radahn, nyota alizokuwa amezishikilia zinaanguka na kufungua njia ya kwenda Nokron, mji uliozikwa chini ya ardhi. Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni na tochi yake, halafu akafika Nokron akainua macho na kukuta dari limejaa nyota, ataelewa kwa nini nasema tamu. Kutoka hapo unapita Ainsel, Nokstella, ziwa la kuoza, unamuua zimwi Astel, na mwisho unamvisha Ranni pete ya mwezi kidoleni. Pete hiyo iko sandukuni kwa mama yake, Rennala, pale Raya Lucaria, chuo cha uchawi.

Tatizo ni kwamba wengi huishia kwenye pete. Wanaona ni harusi, wanafurahi, hawasikilizi kiapo. Anachokisema Ranni ni kwamba ataichukua sheria na kuipeleka mbali, kwenye usiku wa baridi, mahali ambapo watu hawataweza kuiona, kuihisi, kuiamini wala kuigusa. Yeye mwenyewe ataondoka nayo, na wewe utaondoka naye. Kwa hiyo miungu wanatoka nchini. Hakuna mti wa dhahabu wa kukuelekeza, hakuna vidole vya kukuamuru. Yeye mwenyewe anakiri kwamba njia hiyo ina hofu, shaka na upweke.

Wapo wanaomlaumu kwamba anawakimbia watu. Nimebishana na kijana mmoja pale Ngamiani mpaka kahawa ikapoa. Hoja yake ilikuwa: "Kaka, huyu kaua ndugu yake, kamwacha Blaidd afe, halafu anasafiri zake. Mwisho mwema huo?" Ni hoja nzito. Blaidd, mbwamwitu aliyeapa kumlinda, anapagawa kwa sababu aliumbwa na Vidole Viwili ili amzuie bibi yake akiasi, na unamkuta nje ya mnara ameshapoteza akili, anakushambulia huku bado anamlinda. Inabidi umuue wewe. Kila mara nikifika hapo naweka pedi chini kidogo. Lakini hicho hasa ndicho kinachonifanya nimuunge mkono Ranni. Anazijua gharama, hazifichi, na hataki mwingine aje kulipa tena. Goldmask anataka sheria isiyo na mungu juu ya watu. Ranni anataka watu wasio na sheria ya mungu juu yao. Kati ya kutawaliwa vizuri na kuachwa huru gizani, nachagua giza.

Moto wa wazimu

Sasa ule mwingine. Chini kabisa ya mifereji ya maji machafu ya Leyndell, nyuma ya ukuta wa uongo ukishampita bosi Mohg, kuna Vidole Vitatu. Unavua nguo zote, unaingia mlangoni, vinakukumbatia na kukuunguza. Hoja yao, kama anavyoifasiri Hyetta, msichana unayekutana naye njiani, ni kwamba hapo mwanzo vyote vilikuwa kimoja; kuzaliwa, roho na nafsi tofauti ni kosa, na dawa ni kuyeyusha kila kitu kirudi kuwa kimoja.

Watu wengi huuingia kwa huruma, na hili lazima liheshimiwe. Ili kuuchoma mti, Melina, msichana anayekusindikiza safarini, anatakiwa ajitoe mwenyewe kuwa kuni. Shabriri, mtumishi wa moto huo, anakunong'oneza: beba moto wewe, msichana apone. Ni mtego. Melina mwenyewe anakusihi usifanye, na ukifanya anakuacha. Mwishoni, dunia ikiwa imeungua, anaonekana akifumbua lile jicho alilolifumba muda wote na kuapa kukutafuta popote utakapokwenda akuletee mauti. Uliyetaka kumwokoa ndiye anakuwa adui yako. Kwa vipimo vyangu: mauti, miungu na watu, vyote vinafutwa. Kama hadithi, ni nzito ajabu na inafaa kuonwa mara moja. Kama chaguo la mtu anayeipenda ile dunia, hapana.

Jambo la kuangalia sana: ukishakumbatiwa na Vidole Vitatu, miisho mingine yote inafungwa hata kama runi unazo na Ranni umemvisha pete. Njia ya kutoka ni moja tu, sindano ya Miquella, inayopatikana kupitia misheni ya Millicent, mhusika mwingine wa pembeni, na kutumiwa kwenye uwanja wa joka Placidusax huko Farum Azula. Kama hujui unachokifanya, usivue nguo.

Nikushauri vipi

Safari ya kwanza, chagua Ranni. Misheni yake inakupitisha sehemu nzuri kuliko zote, na njiani unapata ile sanamu ya kugeuzia jengo la Liurnia, ambayo ndiyo inayokufikisha kwenye alama anayoihitaji Fia. Kwa hiyo unaweza kufika mbele ya Marika ukiwa na yote mawili, ukasoma, ukaamua pale pale. Kama umeguswa zaidi na wafu kuliko nyota, chagua Fia bila wasiwasi. Goldmask mfanye kabla hujamuua Maliketh, kwa sababu baada ya hapo Leyndell inageuka majivu na ile sanamu huipati tena katika safari hiyo.

Wanaocheza kwa ajili ya nyara (trophy) wajue kwamba miisho ina nyara tatu: ya Ranni, ya moto, na ya Elden Lord, ambayo yoyote kati ya ile minne inaitoa. Wa PS4 wanaweza kunakili sevu kwenye flashi kabla ya kubonyeza, waone mwisho mmoja, wairudishe, waone mwingine. Sevu ya toleo la PS5 haiendi kwenye flashi. Hapo unahitaji PS Plus uihifadhi mtandaoni. Kwenye vibanda, mwombe mwenye kibanda mapema, na hakikisha hakuna mtu atakayechezea akaunti yako katikati.

Kuhusu nyongeza ya Shadow of the Erdtree, iliyotoka tarehe 21 Juni 2024: haiongezi mwisho mpya kwenye gemu kuu, lakini inabadilisha unavyomtazama Marika. Utafika kijijini kwao na kujua watu wake walivyokamatwa na kusindiliwa kwenye mitungi. Utakuta aliirudia sehemu hiyo akaimwagia dhahabu ya uponyaji, akijua hakuna aliyebaki wa kuponywa. Baada ya hapo ule mwili uliovunjika hauutazami kama adui. Ili uingie lazima uwe umewaangusha Radahn na Mohg wa Mohgwyn (si yule wa mifereji), basi ifanye kabla ya kumfuata Radagon. Na ukishaona mwisho wako, gemu ikikuuliza kama uanze Safari ya 2, kataa kwanza. Maadui wa safari ya pili wanapiga zaidi, na ukikataa unabaki kwenye dunia yako uliyoizoea, unamalizia ulichobakiza, halafu unaianza mwenyewe kutoka Roundtable Hold siku ukiwa tayari.